Nguo ya kuazima kwenye kipeperushi cha chuo

Kila Julai viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, hugeuka gulio. Mahema hupangwa kutoka upande wa Lumumba mpaka karibu na Bibi Titi, spika zinashindana kwa kelele, na vijana waliomaliza kidato cha sita hupita hema kwa hema wakikusanya kalamu, mifuko ya kitambaa na vipeperushi. Yanaitwa maonesho ya elimu ya juu na msimamizi wake ni Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, lakini Kariakoo iko hatua chache tu kutoka pale na hewa yake inafika. Bidhaa nzuri iko mbele ya meza, bei iko ukurasa wa nyuma kwa herufi ndogo.

Mwaka jana nilimsindikiza mpwa wangu, binti wa dada yangu wa Tabata. Alikuwa na HGE, yaani Historia, Jiografia na Uchumi, daraja la pili, na orodha ya vyuo vitano aliyoiandika kwenye simu. Kwenye hema la tatu alipewa kipeperushi cha chuo kikuu binafsi, kikubwa, chenye majengo ya vioo. Ukurasa wa katikati ulikuwa na nyuso nane chini ya maneno "Wahitimu wetu mashuhuri". Wabunge watatu, mkuu wa wilaya, mtangazaji wa televisheni, askofu, na wawili walioandikwa "mjasiriamali", neno ambalo siku hizi linamstiri kila mtu.

"Mjomba, huyu si mbunge wa kule kwa bibi?"

"Ndiye."

"Basi hiki chuo kizuri."

Sikumjibu, kwa sababu mbunge yule namfahamu. Alianza masomo ya jioni pale akiwa na miaka sita bungeni. Alikuja na ubunge wake, akasoma uzamili wake, akaondoka na ubunge wake uleule. Sisemi hakusoma, nasikia alikuwa mwanafunzi mzuri na alikuwa akiuliza maswali. Ninachosema ni kwamba uso wake umekaa kwenye karatasi ile kumwambia binti wa miaka 19 kwamba ukiingia mlango huu unaweza kutokea Dodoma, wakati mwenye uso aliingia mlango huo akitokea Dodoma. Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Tangu siku ile nimekuwa na mazoea ya kusoma orodha za mashuhuri wa vyuo nikiwa na kalenda mkononi. Swali langu ni moja: mtu huyu alifika chuoni mwaka gani wa maisha yake? Ukilijua hilo unajua nani alimkopesha nani. Chuo kinaweza kumkopesha mtu jina, na mtu anaweza kukikopesha chuo jina. Karatasi za mahemani hazitofautishi mikopo hiyo miwili.

Lugha yetu ya mjini ina ukweli wake hapa. Dar mtu akitaja shule ya mwenzake mara nyingi hasemi "amehitimu". Anasema "kapita". Kapita Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kapita Mzumbe, kapita Sauti, tukimaanisha SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino cha Mwanza. Kupita ni neno lenye adabu kwa sababu halidai kitu. Mwenge unapita, daladala inapita, mvua inapita. Alichoacha mpitaji, au alichochukua, ni habari nyingine.

Tuanze na wakubwa. Columbia ya New York ni chuo binafsi chenye orodha ndefu ya kutisha, na ndani yake yumo Salim Ahmed Salim wetu. Ni haki yao kumtaja: shahada yake ya uzamili ya mambo ya kimataifa ni ya 1975. Lakini fungua kalenda. Mwaka 1964 Salim aliteuliwa balozi nchini Misri akiwa na umri wa miaka 22, umri ambao mpwa wangu, Mungu akipenda, atakuwa anamalizia shahada ya kwanza. Kutoka Cairo alikwenda New Delhi, kisha Peking, na kuanzia 1970 alikuwa mwakilishi wetu wa kudumu Umoja wa Mataifa. Maana yake alisoma Columbia akiwa balozi kamili, katika jiji lilelile alilokuwa akifanyia kazi. Mwaka 1971, China ilipopewa kiti chake Umoja wa Mataifa, Salim alikuwa ndani ya ukumbi akiwa mmoja wa waliopigania hilo. Wengi huamini Wamarekani hawakuisahau siku ile, na ndiyo maana alipogombea ukatibu mkuu mwaka 1981 walimzuia kwa kura ya turufu. Sasa profesa wa diplomasia atamwambia nini mtu wa namna hiyo? Atamwambia mengi, sidharau, nadharia ina kazi yake. Ila ukitafuta kilichomfanya Salim awe Salim, Columbia itapanga foleni nyuma ya siasa za Zanzibar kabla ya Mapinduzi na nyuma ya Mwalimu Nyerere aliyemwamini kijana mdogo kwa kazi kubwa.

Rais Samia Suluhu Hassan naye yumo kwenye orodha ya chuo binafsi cha Marekani ambacho Watanzania wengi hata hawajakisikia, Southern New Hampshire University. Kilianza 1932 kama shule ya uhasibu na ukatibu muhtasi, na leo ni miongoni mwa vyuo binafsi vikubwa kabisa kule kwa idadi ya wanafunzi, wengi wao wakisoma kwa mtandao bila kukanyaga mjini kwao Manchester. Rais hakuhitaji kuvuka bahari. Uzamili wake wa maendeleo ya uchumi wa jamii ulitolewa kwa ubia wa chuo hicho na Chuo Kikuu Huria chetu, makao makuu Kinondoni. Na kalenda inasema nini? Inasema aliupata akiwa ameshakuwa waziri. Kama kuna chuo chenye hati ya kudai, ni kile kilichokuwa kikiitwa IDM, Mzumbe, kilichompokea akiwa mtumishi aliyeanzia ukarani kikamtoa 1986 na stashahada ya juu ya utawala. Sijawahi kuona wakigombania hilo, na pengine ndivyo inavyotakiwa.

Harvard wao wana ujasiri zaidi. Wakihesabu watu wao hawamwachi Bill Gates, aliyeondoka 1975 bila shahada, wala Mark Zuckerberg, aliyeondoka 2004 vivyo hivyo. Gates alipewa shahada ya heshima 2007, Zuckerberg 2017. Kwa lugha ya wanafunzi wetu hawa hawakupata sapu, mtihani wa marudio, wala hawakudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli. Waliaga tu wakaenda zao, na chuo kikawafuata na joho miaka mingi baadaye. Ndiyo maana orodha nyingi za Wamarekani haziandiki "waliohitimu" bali "waliowahi kusoma". Kifungu hicho kidogo kina upana wa lango la Ikulu.

Yupo mmoja ambaye Dar inamjua na ambaye kwake kalenda inanichanganya mwenyewe. Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, aliyeuawa kwa bomu lililofichwa kwenye kifurushi Februari 3, 1969, katika nyumba ya ufukweni hapahapa mjini. Alizaliwa 1920 kusini mwa Msumbiji, akasomeshwa na wamisionari wa Uswisi, akafika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Mwaka 1949 serikali ya makaburu ikamnyima kibali cha kuendelea kukaa. Akaenda Lisbon, polisi wakamwandama, akavuka kwenda Marekani. Huko alipata shahada ya kwanza chuo cha Oberlin 1953, kisha udaktari wa falsafa katika sosholojia Chuo Kikuu cha Northwestern, nje kidogo ya Chicago, mwaka 1960. Northwestern ni chuo binafsi, kikubwa, na tangu 1948 kilikuwa na kitengo cha masomo ya Afrika kilichoanzishwa na Melville Herskovits, cha mwanzo cha aina yake Marekani.

Hesabu sasa: Witwatersrand, Lisbon, Oberlin, Northwestern. Mtu mmoja, vyuo vinne vyenye haki ya kumwandika kama mwanafunzi wao. Kimoja kilishindwa kumlinda, cha pili kilikuwa katika mji ambao polisi wake walimfuata kama kivuli, na vyote vinne leo vinaweza kujivunia jina lake bila aibu. Ndivyo orodha hizi zilivyo. Hazina safu ya "tulimtendea nini". Hata hapa nyumbani, kati ya vijana wa Mlimani waliorudishwa makwao Oktoba 1966 kwa kuandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wapo waliokuja kushika nyadhifa kubwa nchini, na wanatajwa pamoja na wenzao waliokaa kimya darasani.

Lakini nimesema Mondlane ananichanganya. Alifika Northwestern akiwa ameshapikwa na maisha, kama Salim alivyofika Columbia. Tofauti ni kwamba hakuwa na cheo. Alikuwa mwanafunzi Mwafrika mwenye kesi na Wareno na hana pa kurudi. Hapo chuo kilimkopesha kitu: elimu ya kupima jamii, hadhi ya kuitwa Dokta mbele ya wazungu waliodhani Waafrika wa Msumbiji hawana msemaji, na njia ya kuingia Umoja wa Mataifa, ambako kuanzia 1957 alifanya kazi katika idara iliyohusika na maeneo ya udhamini. Tanganyika ilikuwa mojawapo ya maeneo hayo. Ndiyo kusema alipokuja Dar kuunganisha vyama vitatu vya wakimbizi wa Msumbiji kuwa FRELIMO, Juni 1962, hakuwa mgeni wa mambo yetu. Kwa hiyo Northwestern inayo hati yake, ndogo lakini halali. Kisha mkopo ukageuka. Hapa Dar, Kurasini, Mondlane na mkewe Janet walikuwa na shule, Taasisi ya Msumbiji, iliyoanza 1963 kuwafundisha vijana waliotoroka kwao. Na chuo kikuu cha Maputo tangu 1976 kinaitwa kwa jina lake. Kwenye daftari la madeni, mwanafunzi huyu alilipa na akazidisha.

Mlimani kalenda inakisaidia chuo, tena sana. Yoweri Museveni alifika 1967 akiwa kijana wa kawaida kutoka Ankole, akawakuta kina Walter Rodney wakifundisha na wapigania uhuru wa nusu bara wakipishana mjini, akaunda na wenzake jumuiya ya wanafunzi wanamapinduzi, akatoka 1970. Miaka 16 baadaye alikuwa Ikulu ya Uganda. Mpende umchukie, chuo kilimkuta mtupu kikamjaza. Jakaya Kikwete alitoka na uchumi 1975 akawa rais 2005. John Magufuli ana mara mbili zenye funzo: alipata shahada ya kwanza 1988 akiwa si mtu wa kujulikana, na udaktari wa kemia 2009 akiwa waziri. Mara ya kwanza chuo kilimkopesha yeye. Ya pili wasomaji mtaamua.

Nisije nikaonekana mpiga debe wa Mlimani, chuo cha umma, dhidi ya binafsi. Orodha ya Mlimani nayo imevimba, kwa sababu tofauti. Kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, ng'ambo ya barabara kutoka kwenye yale mahema, kikiwa na wanafunzi wa sheria ambao wangeenea kwenye Hiace moja. Kwa zaidi ya miaka 20 baada ya hapo nchi ilikuwa na chuo kikuu hicho kimoja. Sokoine kikatengana nacho 1984, Huria kikaja mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nyumba ikiwa na mlango mmoja, kila utakayemkuta ndani kapitia hapo. Huwezi kuusifu mlango kwa kuchagua wageni vizuri.

Sasa vyuo binafsi. Sheria iliwafungulia 1995. Chuo kilichopewa jina la Hubert Kairuki kikaanza Mikocheni 1997 kufundisha udaktari. Kile cha Nyegezi, ambacho tangu 1960 kilikuwa taasisi ya Wakatoliki ya mafunzo ya jamii, kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino 1998. Walutheri na Tumaini yao, Waislamu Morogoro, na wengine wakafuata mpaka Gongo la Mboto. Piga hesabu ya kidole. Kijana aliyeanza 1997 akiwa na miaka 20 alizaliwa 1977. Leo anakaribia hamsini. Kikwete alihitaji miaka 30 kutoka joho hadi Ikulu, na huyo ndiye aliyefika. Maana yake wale ambao vyuo binafsi vyenyewe viliwaokota wabichi na kuwaivisha ndio kwanza wanaingia umri wa ujaji, uaskofu, ukatibu mkuu na uprofesa kamili. Orodha yao halisi iko njiani. Ingekuwa biashara ya subira wangesubiri, lakini ada inalipwa muhula huu, na ushindani wa hema uko Julai hii. Wakaazima. Ndiyo maana programu za jioni na za mwisho wa wiki kwa viongozi zimekuwa chemchemi ya mashuhuri, na ndiyo maana shahada za heshima zinatolewa kwa watu ambao hawakuwahi kuuliza maktaba iko wapi.

Dada yangu nilipomweleza haya kwa simu alinikatiza. "Wewe unaandika magazeti. Mimi namtafutia mtoto mtu wa kumshika mkono." Hapo alisema jambo ambalo wasomi hawapendi kulisema. Mzazi wa Tabata anapoona uso wa mkuu wa wilaya hasomi ubora wa mihadhara. Anasoma konekisheni. Anawaza: kama huyu ni wa chuo hiki, siku mwanangu akipeleka barua ya maombi ya kazi kutakuwa na mtu wa kusema "huyu ni wetu". Siwezi kumlaumu. Tatizo ni kwamba hata konekisheni ina kalenda. Mtu anakumbuka aliolala nao bweni moja, aliogawana nao noti na chipsi, aliowakopa nauli bumu, ile posho ya mkopo wa wanafunzi, lilipochelewa. Mbunge wa darasa la Jumamosi alikuwa na wenzake wa darasa la Jumamosi, nao wengi walikuwa na kazi zao tayari. Binti wa HGE daraja la pili hayuko kwenye kundi lao la WhatsApp.

Kuna orodha nyingine ambazo vyuo havizipigi chapa, na hizo ndizo ninazozipenda. Mwaka 2022 nchi nzima ilisoma mojawapo. Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile shule ya sheria ambayo kila mwenye shahada ya sheria lazima aipitie kabla ya kuapishwa uwakili, ilitoa matokeo ya watahiniwa 633. Waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani 342. Walioshindwa kabisa 265. Mitandao ikawaka, Waziri wa Katiba na Sheria akaunda kamati chini ya Dokta Harrison Mwakyembe, na kwa wiki kadhaa kila mtu alikuwa na mkosaji wake: shule yenyewe, walimu wake, Kiingereza, vyuo vikuu, vizazi vya simu.

Mimi nilikuwa natazama kitu kingine. Pale mezani walikuwa wamekaa watoto wa vyuo vyote, umma na binafsi, kwa karatasi moja. Hakuna mwaka ambao wahitimu wa vyuo vyetu walipimwa hadharani namna ile. Na sikusikia chuo hata kimoja kikijitokeza kusema: kati ya wale 265, kadhaa ni wetu, tulijua walikuwa dhaifu katika jambo fulani, tunafanya hivi. Kama siku ya kuhesabu mashuhuri tunao, siku ya kuhesabu walioanguka hatuna mwana. Mtoto wa sifa ana baba wengi; wale 265 walizaliwa na mvua.

Mtu ataniambia hiyo ni sheria tu, na mtihani ule nao ulikuwa na lawama zake. Sawa. Basi twende kwenye orodha iliyo kamili zaidi ya zote, ambayo haina picha wala askofu. Iko Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi 2005. Bodi inajua jina lako, chuo chako, kozi yako, mwaka uliomaliza, na ukiajiriwa inajua mwajiri wako kabla hata mama yako hajajua mshahara. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2016, mwajiri anatakiwa kukata asilimia 15 ya mshahara wa mdaiwa kila mwezi na kuipeleka huko. Ofisi nyingi za mahusiano ya wahitimu katika vyuo vyetu zina namba za simu zilizokufa na picha za mahafali. Bodi ina wahitimu walio hai. Ni kichekesho cha nchi yetu kwamba anayekukumbuka zaidi baada ya chuo ni anayekudai.

Pendekezo langu ni hili, na nimelizungushia watu wachache wa elimu bila kupata aliyelitupa moja kwa moja. Bodi isitaje jina la mtu. Itoe kila mwaka, kwa kila chuo na kila kozi, idadi ya wakopaji waliomaliza na idadi ya walioanza kukatwa mshahara ndani ya miaka mitatu. Safu tatu tu. TCU iagize jedwali hilo libandikwe kwenye kila hema Mnazi Mmoja, kwa herufi kubwa kuliko nyuso.

Najua matundu yake. Si kila mwanafunzi ana mkopo, na vyuo binafsi vina wengi wanaolipiwa na wazazi waliouza kiwanja Chanika. Aliyejiajiri haonekani kwenye makato. Mwalimu wa shule ya parokia anayelipwa kidogo na kwa kuchelewa anaweza asionekane, na bado akawa anafanya kazi kubwa kuliko ya mkuu wa wilaya. Chuo kinachopokea watoto wa maskini kutoka shule za kata kitaonekana dhaifu mbele ya kinachochagua vinara. Rafiki yangu mhadhiri aliniambia kwa ukali kwamba elimu si makato ya mshahara. Nikamuuliza, ni nyuso nane? Akacheka, akasema hata hizo si elimu. Tukaagiza chai nyingine.

Na hapo kuna haki lazima niitoe. Vipo vyuo binafsi ambavyo havihitaji uso wa mtu kwa sababu ya aina ya kazi vinayofundisha. Kinachotoa madaktari na wauguzi, orodha yake ya mashuhuri iko zamu ya usiku Mwananyamala na Temeke, na iko kwenye rejista za mabaraza ya taaluma. Mgonjwa hamuulizi daktari kapita wapi. Anamuuliza atapona lini. Na waandishi wa Sauti, waliojaa vyumba vya habari vya mji huu mpaka wana utani wao na wale wa Mlimani, wengi wao wamehariri habari za watu mashuhuri miaka na miaka bila jina lao kutokea hata mwisho wa ukurasa. Nimewahi kuhaririwa na mmoja wao. Alinifutia aya nzima ya sifa za waziri akaniambia, kaka, hii si habari. Kwangu huyo chuo chake kilimkopesha kitu.

Turudi hemani. Mpwa wangu, ambaye ana ukaidi wa bibi yake, alirudi kwenye meza na kile kipeperushi akamuuliza kijana aliyekuwa akivigawa, fulana ya chuo mwilini na lebo shingoni.

"Kaka, samahani. Waliomaliza kozi hii mwaka juzi wako wapi?"

Kijana akatazama kushoto na kulia, msimamizi wake alikuwa anapiga picha na mgeni rasmi. Akatabasamu.

"Mmoja unamuona hapa."

Alikuwa kalipwa posho ya siku tano za maonesho. Siku nyingine anaendesha bodaboda Mbezi, asubuhi na jioni. Hakuwa na kinyongo. Akavuta kiti cha plastiki akaanza kumhesabia darasa lake kwa vidole: wanne benki kwa mikataba ya muda mfupi, wawili wanafundisha shule binafsi Kibaha, mmoja kapata halmashauri huko Kigoma, msichana mmoja kafungua duka la vifaa vya ofisi na ndiye anayewashinda wote, watatu wamerudi kusoma tena, waliobaki anawaona tu wakibadilisha picha za wasifu. Akamwambia ni mwalimu gani anafundisha kweli na yupi anasoma slaidi, na kwamba mafunzo kwa vitendo ajitafutie mwenyewe mapema, asingoje kupangiwa.

Mpwa wangu hakuwa na karatasi. Alikigeuza kile kipeperushi, akakilaza mezani nyuso chini, akaanza kuandika.